Kabla ya Kumwita Mwenzako Mvivu

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Tunayachapa kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala ya kwenda kuwasomea wenzao.)

Wenyeviti, makatibu, waweka hazina, akina mama na akina baba wa vikundi vyote, najua wengine mmeamka saa kumi usiku, mkaacha watoto na kazi ya kukamua, ili mfike hapa kwa wakati.

Niliambiwa nizungumze juu ya tabia za watu na jinsi ya kufanya kazi pamoja. Nikamwuliza katibu wenu, "Hasa mnataka kusikia nini?" Akanijibu bila kuzunguka: "Tuambie tufanye nini na memba wavivu." Naona mnacheka. Basi katibu alisema kweli.

Leo nitajaribu kulijibu swali hilo. Lakini nawaambia mapema kwamba jibu langu halianzi na faini. Jibu la faini niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, na likanitokea puani. Wacha niwaeleze.

KIKUNDI CHA MATUTA

Mwaka 2019 nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha mwethya huku Ukambani. Mwethya mnaujua: ni watu kusaidiana kazi kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Ni mambo ya kale, hayakuletwa na mradi wowote.

Kikundi hicho kilikuwa na memba 32, karibu wote akina mama. Kazi yao ilikuwa kuchimba matuta ya fanya juu, shamba baada ya shamba. Unachimba mtaro unaokata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu mpaka unakuwa kama ukuta. Mvua ikinyesha, maji yanasimama na udongo unabaki. Baada ya miaka kadhaa shamba linakuwa kama ngazi.

Walikuwa wameanza mwaka uliotangulia wakiwa tisa. Tisa hao walikuwa wakimaliza mtaro mmoja kwa asubuhi moja. Sasa walikuwa 32. Ukipiga hesabu, wangemaliza mitatu na zaidi. Kumbe walikuwa wanamaliza mmoja na nusu, na kelele nyingi juu yake. Wengine walifika saa nne, wengine walituma mtoto, wengine walishika jembe lakini maneno yakawa mengi kuliko udongo.

Viongozi wakaniita. Wakasema watu wa siku hizi ni wavivu. Wakapendekeza faini ya shilingi 20 kwa kuchelewa. Baadaye ikapanda hadi 50, kisha 100. Mimi nilikubali, na zaidi ya kukubali, niliandika sheria hiyo katika kitabu cha mkutano kwa mkono wangu, kwa sababu katibu alikuwa mgonjwa siku hiyo. Tukaandika pia kwamba anayeshindwa kulipa faini mara tatu atatolewa katika kikundi.

Kulikuwa na mama mmoja wa umri wa kunizaa. Mwaka wa kwanza alikuwa mmoja wa wale tisa, na jembe lake lilijulikana. Lakini kuanzia mwezi wa Agosti alianza kufika saa nne, na tena amechoka. Anachimba kidogo, anakaa. Akapigwa faini mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakulipa. Katika mkutano mmoja mwenzake akasema kwa sauti, "Huyu sasa amezoea kuchimbiwa na wengine." Mama huyo alitazama chini, hakujibu. Mwezi wa Septemba akatolewa. Nilikuwepo. Mwenyekiti aliponitazama, nilisema, "Katiba ni katiba."

Hapo nitaiacha hadithi hii kidogo. Tutairudia.

KAMBA YA MFARANSA

Kuna Mfaransa mmoja aliyeitwa Maximilien Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo. Kati ya mwaka 1882 na 1887 alipima nguvu za watu na wanyama katika kazi za shamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Jambo moja alilopima ni kuvuta. Tuchukue kwamba mtu akivuta peke yake nguvu yake ni 100. Wakivuta wawili pamoja, kila mmoja anatoa 93. Wakiwa watatu, kila mmoja anatoa 85. Wakiwa wanane, kila mmoja anatoa 49.

Hebu fikirini. Watu wanane wanafanya kazi ya watu wanne! Na hawa hawakuwa wavivu waliochaguliwa. Ni watu wale wale, mikono ile ile.

Kwa nini? Ringelmann mwenyewe aliona zaidi kwamba watu wengi hawavuti kwa wakati mmoja: huyu anavuta, yule anapumua. Hiyo ni sababu ya kwanza, na kila aliyewahi kusukuma gari lililokwama matopeni anaijua. Ndiyo maana wazee wetu waliimba walipofanya kazi ngumu, na ndiyo maana wengine huita, "Haya... twende!"

Lakini mwaka 1974 huko Marekani wataalamu walirudia jambo hilo kwa ujanja. Walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele kwenye kamba, wakamwambia kuna wengine nyuma yake wanaovuta naye. Kumbe wale wa nyuma walikuwa wanajifanya tu, hawakuvuta. Hata hivyo, alipodhani wenzake wapo, alipunguza nguvu. Hapo hakuna tena habari ya kutovuta kwa wakati mmoja, maana alikuwa akivuta peke yake. Sababu ya pili iko moyoni: nikidhani kazi yangu haitaonekana kati ya kazi za wengi, mkono wangu unalegea bila hata mimi kujua.

Mwaka 1981 wataalamu wengine wa Marekani wakapima watu wakipiga kelele pamoja. Waliona kwamba watu walipojua sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake, hata wakiwa kundini, ile hali ya kulegea iliondoka.

Mwaka 1993 wawili walioitwa Karau na Williams wakakusanya utafiti wa namna hii uliokuwa umefanywa mara 78. Waliona kwamba kulegea kunapungua kazi inapokuwa na maana kwa mtu, sehemu yake inapoonekana, na anapofanya pamoja na watu anaowathamini.

Sasa turudi kwa wale wanachama 32 wa matuta. Walipokuwa tisa, kila mtu alijua ni nani aliyechimba wapi. Walipokuwa 32 wamejazana kwenye mtaro mmoja, nani angejua? Hatukuwa tumeongeza wavivu katika kikundi. Tulikuwa tumeongeza watu tukaacha mpango ule ule wa watu tisa.

MATATU YANGU, UVIVU WAKO

Kuna jambo jingine katika tabia zetu sisi binadamu. Mimi nikichelewa mkutano, nitakwambia matatu ilipata pancha, au mtoto aliamka na homa. Lakini wewe ukichelewa, mimi nasema, "Huyo ndivyo alivyo." Makosa yangu yana sababu, makosa yako ni tabia yako!

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1977 mmoja wao, Lee Ross, alilipa jina la kosa la msingi katika namna tunavyoelewa watu. Ni kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Tunaona mtu, hatuoni mahali anaposimama. Tunaona jembe limelala, hatuoni lililolilaza.

Sisi viongozi tuko katika hatari zaidi. Kiongozi amekaa mbele na daftari la mahudhurio. Daftari linaandika "alichelewa". Halina mstari wa kuandika kwa nini.

MATUTA YA AMRI NA MATUTA YA HIARI

Msije mkadhani mambo haya ni ya Wazungu na kamba zao tu. Tazameni historia yetu wenyewe ya matuta.

Wakati wa ukoloni, serikali iliona udongo unakwisha, ikaamuru watu wachimbe matuta kwa lazima. Huko Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameenda kutafuta kazi Nairobi na kwa masetla. Mwaka 1947 watu walisema akina mama hawatachimba tena, na kazi ikaanguka. Mwaka uliofuata akina mama wenyewe walifika kwa wingi katika makao ya wilaya, wakasema wazi kwamba hawachimbi.

Bila shaka kulikuwa na ofisa aliyeandika kwamba watu hawa ni wavivu na hawajali udongo. Lakini je, walikuwa wavivu? Baada ya uhuru amri ile iliondoka. Huku Machakos matuta hayakufa. Katika miaka ya 1970 na 1980 vilima vingi vilikatwa matuta, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa akina mama, kwa jembe na sepetu. Jua lilikuwa lile lile, na mawe yale yale. Kilichobadilika ni kwamba shamba lilikuwa lao, mpango ulikuwa wao, na zamu ilijulikana.

Kwa hiyo ukiona watu wanakataa kazi, usianze kwa kuuliza wana roho gani. Anza kwa kuuliza kazi hiyo ni ya nani, nani aliipanga, na nani anafaidika.

NILICHOSIKIA KWA YULE MAMA

Mvua za vuli za mwaka 2019 mnazikumbuka. Zilikuwa nyingi kupita kiasi, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mwezi wa Novemba nilikwenda kuona matuta yamesimamaje. Mashamba mengi ya memba yalikuwa yameshika maji vizuri, nikafurahi. Nikiwa njiani nikapita kwa yule mama tuliyemtoa.

Shamba lake lilikuwa limekatwa na maji katikati. Korongo jipya, mtu anaweza kuingia hadi kiunoni. Karibu na juu niliona mtaro mmoja na nusu, umechimbwa vizuri kabisa, na maji yameubomoa pale ulipoishia.

Alinikaribisha, akaweka chai. Mama wa heshima hawezi kukuacha mvuani hata kama ulimfukuza. Nikauliza, "Mama, huu mtaro ulichimbwa na nani?"

Akasema, "Mimi, mwalimu."

Ndipo akanieleza. Zamu yake katika orodha ilikuwa ya 29. Orodha hiyo iliandikwa na viongozi wa kwanza, nao walianza na shamba la mwenyekiti, la katibu, kisha majirani zao, kwa kuwa ndiko walikokuwa wakikutania. Kila shamba lilichukua wiki nzima. Yeye hajui kusoma, lakini alihesabu wiki kwa punje za mahindi juu ya meza. Walianza Juni, na mvua huja Oktoba. Akaona wazi kwamba mvua itafika kabla hawajafika hata nambari 20. Zamu yake ingekuwa mwezi wa Desemba au Januari, udongo ukiwa umekwisha kwenda mtoni.

Basi kuanzia Agosti alikuwa anaamka gizani, anachimba shamba lake peke yake mpaka saa tatu na nusu, kisha anakuja kutuchimbia sisi. Ndiyo sababu alifika saa nne. Ndiyo sababu alikuwa amechoka.

Nikamwambia, "Mama, mbona hukusema?"

Akanijibu, "Nani aliniuliza? Mkutano uliniuliza kwa nini sijalipa faini. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nachelewa."

Ndugu zangu, chai ile ilinishinda kumeza. Mtu tuliyemwita mvivu alikuwa ndiye anayechimba kuliko sisi sote.

Niliporudi nilichukua daftari la mahudhurio, nikalisoma upya, safari hii nikiwa na orodha ya zamu pembeni. Nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Waliolegea walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale ambao mashamba yao yamekwisha kuchimbwa: hao walikuwa wanatuma watoto. Kundi la pili ni wale wa mwisho kabisa katika orodha: hao walikuwa wamekata tamaa. Wa katikati, ambao zamu yao iko karibu, walikuwa wanafika mapema kila siku! Je, Mungu aliwaumba wa katikati wakiwa na bidii, na wa mwanzo na wa mwisho wakiwa wavivu? Hapana. Ni orodha iliyowafanya hivyo.

Na ninyi wenye vikundi vya kuchangiana pesa kwa mzunguko, msinicheke. Kwenu ni vivyo hivyo. Aliyekwisha kupokea anaanza kusumbua katika kuchanga, na aliye mwisho anaanza kuogopa kwamba pesa hazitamfikia. Kisha mnasema akina mama wa siku hizi si waaminifu.

MAMBO MANNE YA KUPANGA UPYA

Mwaka 2020 korona ilitukataza kukusanyika wengi, na kikundi kile kililazimika kugawanyika. Kwa hiyo haya ninayowaambia si hekima yangu peke yangu. Mengine tulisukumwa na shida, mengine tulijifunza kwa makosa. Kila kikundi kinaweza kuyajaribu bila kungoja msaada wa mtu.

1. Punguzeni ukubwa wa kundi la kazi. Kikundi kinaweza kuwa na memba 30 kwa ajili ya usajili, akiba na mkutano. Lakini kazi ya mikono igawanyeni kwa watu watano, sita au saba. Kundi dogo humwona kila mtu. Asipofika, wenzake wanakwenda kumjulia hali, hawangojei mwisho wa mwezi kusoma daftari.

2. Sehemu ya kila mtu ionekane. Kile kikundi kilikata ufito mmoja, kikapima hatua nne kwa kila mtu kwenye mtaro. Mwenye nguvu akimaliza mapema anapumzika au anamsaidia mzee aliye pembeni, na hilo linakuwa la hiari na la kushukuriwa. Katika pesa ni hivyo hivyo: hesabu isomwe mbele ya wote, kila mtu asikie jina lake na kiasi alichotoa.

3. Zamu zipangwe kwa haki. Pigeni kura, viongozi nao waingize mkono kwenye kikapu kama wengine. Tena msimalize shamba moja lote kabla ya kwenda la pili. Kile kikundi kiliamua kila shamba lipate kwanza mtaro mmoja, halafu mzunguko wa pili uanze. Kwa njia hiyo hakuna aliyemaliza na kukaa, wala hakuna aliyesahauliwa mpaka mvua inamkuta. Mvua za mwaka huo zilipofika, kila memba alikuwa na angalau mtaro mmoja.

4. Ulizeni kabla ya kupiga faini. Sisemi faini ziondolewe. Mama mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi vikundi vya watu wanaotumia pamoja maji, misitu na malisho. Aliona kwamba vile vinavyodumu vina sheria zilizotungwa na wenyewe, vinaangaliana wenyewe kwa wenyewe, na adhabu zao huanza ndogo kisha zinapanda kosa likirudiwa. Mtasema, "Na sisi faini yetu ilipanda kutoka 20 hadi 100." Ndiyo, lakini yetu ilipanda kwa watu wote, hata kwa anayekosea mara ya kwanza, na hatukuwa na mahali pa kumsikiliza mtu. Kwa hiyo wekeni sheria hii: kabla ya faini ya kwanza, watu wawili waende nyumbani kwa huyo mtu, waketi, waulize. Si kwa kupeleleza. Waulize kama wanaomtakia mema.

Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kila kikundi kinachosajiliwa kinatakiwa kuwa na katiba. Vizuri sana. Basi mkiandika katiba msinakili ya jirani. Kaeni mjadili zamu zitapangwaje na nani atasikiliza kabla ya adhabu, kisha yaandikeni hayo kwa lugha ambayo memba wote wanaielewa.

JE, HAKUNA MVIVU WA KWELI?

Najua kuna mtu hapa ananung'unika moyoni, "Huyu mwalimu anatetea wavivu." Hapana. Wavivu wapo, na wadanganyifu wapo. Kuna mtu utapanga kazi kwa haki, utampimia sehemu yake, utakwenda nyumbani kwake kumwuliza, naye bado atakula jasho la wenzake. Huyo katiba imngoje. Hata upendo una mipaka yake, la sivyo wanyonge wanabaki kubeba mzigo wa wajanja.

Ninachosema ni hiki: huyo mtafute mwisho, usimtafute kwanza. Ukianza na kumtafuta mvivu, utampata kila mahali, na wengi utakaowakamata si wenyewe. Ukianza na kutengeneza mpango, wengi uliodhani ni wavivu utawaona wanashika jembe. Atakayebaki amekaa baada ya hapo, atakuwa amejitaja mwenyewe.

MITUME NA CHAKULA CHA WAJANE

Mkifika nyumbani fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa lilikuwa changa kabisa, na tayari kulikuwa na manung'uniko. Wakristo waliosema Kigiriki walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa chakula kinapogawanywa kila siku.

Mitume wangeweza kusema, "Hawa ni watu wa kulalamika tu." Wangeweza kuwapiga faini! Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wote. Walikubali kwamba mpango wa kazi una kasoro, kwa sababu wao wenyewe hawawezi kuhubiri na kugawa chakula kwa wakati mmoja. Kisha wakawaambia watu wachague saba wenye sifa njema. Hebu someni majina ya hao saba: Stefano, Filipo na wenzao, yote ni majina ya Kigiriki. Inaonekana kazi ya kugawa ilikabidhiwa watu walio karibu na wale waliokuwa wakisahauliwa.

Manung'uniko yalichukuliwa kama habari, hayakuchukuliwa kama uasi. Mwenye malalamiko katika kikundi chako huenda ndiye anayeona mahali mpango umetoboka.

MWISHO WA HADITHI

Mtaniuliza, yule mama alirudi? Mwenyekiti na mimi tulikwenda kwake kumwomba radhi. Hakukubali siku hiyo. Alisema atafikiri, na alikuwa na haki ya kufikiri. Baadaye alituma neno kwamba atarudi kwa sharti moja: zile faini tatu zifutwe katika kitabu, na iandikwe kwa nini zimefutwa, isomwe mbele ya mkutano.

Nilishika kalamu mimi, kwa sababu mwandiko ule wa kwanza ulikuwa wangu. Nikaandika kwamba memba huyu alichelewa kwa kuwa alikuwa akichimba shamba lake ambalo kikundi kilichelewa kulifikia, na kwamba kosa lilikuwa la orodha. Katibu akasoma. Ukumbi ulikuwa kimya. Kisha yule aliyesema mama huyu amezoea kuchimbiwa akasimama, akaenda akaketi karibu naye.

Udongo uliokwenda mtoni mwaka ule haujarudi. Mpaka leo nikipita pale naliona lile korongo, ingawa sasa limewekewa mawe na kupandwa nyasi. Linanikumbusha kuuliza.

Viongozi wenzangu, mkienda nyumbani leo, chukueni daftari lenu la mahudhurio na orodha yenu ya zamu, mviweke pamoja mezani. Mtaona mengi. Na yule memba ambaye jina lake limekuja akilini mwenu nilipokuwa nikisema neno "mvivu", nendeni mkamtembelee kabla ya mkutano ujao.

Mungu awabariki. Tumsifu Yesu Kristo!

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani tumewahi kumwita mvivu? Je, kuna aliyekwenda kumwuliza sababu?

2. Zamu zetu za kazi au za pesa zilipangwa na nani? Viongozi wako wapi katika orodha: mwanzo, katikati au mwisho?

3. Kazi yetu ya pamoja ikiisha, je, kila mtu anaweza kuonyesha sehemu aliyoifanya?

4. Sheria zetu za faini zilitungwa na nani? Wanaojua kuzisoma ni wangapi kati yetu?

5. Ni jambo gani moja tutakalolibadilisha kabla ya mkutano ujao, na nani atalisimamia?